Je, mnyama mgeni mmoja anatosha kuliokoa kundi linalozaliana ndugu kwa ndugu?

Mdadisi

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ufafanuzi. Sili tembo wa kaskazini waliwindwa kwa ajili ya mafuta yao hata wakabaki makumi machache tu mwishoni mwa karne ya 19, lakini leo wamezidi 100,000, ingawa uchunguzi wa damu yao uliochapishwa mwaka 1974 haukuona tofauti yoyote ya kurithi baina yao katika vipimo vilivyotumika wakati huo. Mbwa mwitu wa kisiwa cha Isle Royale, Marekani, walikuwa 50 mwaka 1980, na kufikia mwaka 2016 walibaki wawili. Kwa nini kundi moja lilistawi na jingine likakaribia kutoweka, ilhali yote mawili yalizaliana ndani kwa ndani? Na je, akiingizwa mnyama mmoja kutoka nje, tatizo linakuwa limekwisha?

Msomi wa Jeni

Ndugu Mdadisi, hapa kuna matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni madhara ya kuzaliana kwa ndugu. Kila mnyama hubeba jeni kadhaa zenye kasoro ambazo hazimdhuru, kwa kuwa mzazi wake wa pili alimrithisha nakala iliyo salama. Ndugu wanapopandana, uwezekano wa mtoto kupokea nakala mbili mbovu zilizotoka kwa babu yule yule huongezeka, na kasoro zilizokuwa zimejificha hujitokeza katika mbegu dhaifu za kiume, vifo vya watoto, mifupa isiyokaa sawa au kinga hafifu ya mwili. La pili ni kupungua kwa anuwai ya jeni, yaani tofauti za kurithi ndani ya kundi, kwa bahati tu, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu katika kundi dogo kuna jeni ambazo hazipati wa kuzirithi. Kundi lenye wazazi 50 wanaochangia sawasawa hupoteza takriban asilimia 1 ya anuwai yake kila kizazi. Likiwa na wazazi 10 hupoteza asilimia 5, na baada ya vizazi kumi karibu asilimia 40 itakuwa imekwenda.

Neno «wanaochangia» lina uzito. Kwa sili tembo dume mmoja huwapanda majike wengi huku madume wengi wasipate hata mmoja, hivyo idadi inayohesabiwa ufukweni ni kubwa kuliko ile inayohusika katika hesabu ya jeni. Kilichowaokoa ni kwamba uwindaji ulikoma, chakula kilikuwa tele baharini, na idadi ikapanda upesi. Kundi likipita katika shida hiyo kwa vizazi vichache kisha likakua, hasara huwa ndogo kuliko ya kundi linalobaki dogo kwa muda mrefu. Nisingesema wamepona, hata hivyo: maradhi mapya yakiwapata wakiwa wamefanana kiasi hicho, hawana akiba kubwa ya kuwakinga.

Mhifadhi Mstaafu

Ninajibu sehemu ya pili ya swali, na Isle Royale yenyewe ina jibu. Mbwa mwitu wa kwanza walivuka barafu ya Ziwa Superior mwishoni mwa miaka ya 1940, wakazaliana humo. Miaka ya 1980 ugonjwa wa virusi uitwao pavo ulioletwa na mbwa wa kufugwa uliwapunguza vibaya. Mwaka 1997 dume mmoja alivuka barafu kutoka bara, akawa na nguvu kuliko wenyeji, na akazaa sana. Kwa muda mfupi alileta nafuu. Lakini kwa kuwa alifanikiwa mno, baada ya vizazi vichache karibu kila mbwa mwitu kisiwani alikuwa wa ukoo wake, na wakarudi kupandana ndugu kwa ndugu, safari hii wote wakiwa wajukuu na vitukuu vya mgeni yule. Wawili wa mwisho walikuwa baba na binti yake, na wakati huohuo walichangia mama mmoja. Kati ya mwaka 2018 na 2019 ikabidi wapelekwe wengine 19.

Linganisha na puma, paka mwitu wakubwa, wa Florida, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kati ya 20 na 30, wengi wakiwa na mikia iliyopinda, madume wenye korodani zisizoshuka, na baadhi wenye matundu moyoni. Mwaka 1995 waliletwa majike wanane kutoka Texas, watano wakazaa, na idadi ikaongezeka mara tatu huku kasoro hizo zikipungua. Wageni kadhaa waliogawana uzazi wamefaa kuliko mgeni mmoja aliyewafunika wote. Wataalamu wengi hupendekeza angalau mgeni mmoja mwenye kuzaa katika kila kizazi, na ukweli ni kwamba kazi hiyo haina mwisho maadamu kundi limetengwa na makundi mengine.

Mtafiti wa Nyanda

Ninaongeza tahadhari moja. Mgeni akitoka mbali mno, watoto huweza kuwa dhaifu kwa sababu ya mchanganyiko wenyewe. Katika milima ya Tatra, Ulaya, mbuzi mwitu walioletwa kutoka Austria walistawi, lakini walipochanganywa na jamaa zao wa Uturuki na Sinai, machotara wakaanza kupandana mapema na kuzaa katikati ya majira ya baridi, watoto wakafa, na kundi zima likatoweka.

Vilevile, tusilaumu jeni kwa kila kitu. Vakita wa Ghuba ya California, mnyama mdogo wa jamii ya pomboo, wamebaki takriban kumi. Uchunguzi wa jeni zao uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wamekuwa wachache kwa maelfu ya miaka, hivyo jeni nyingi zenye madhara makubwa zimekwisha kuchujwa, na wangeweza kuongezeka endapo wasingenaswa katika nyavu za jarife. Kundi lililokuwa kubwa kisha likakatwa ghafla lina mzigo mzito zaidi wa kasoro zilizojificha.

Mdadisi

Ninashukuru nyote. Je, wageni hawawezi kuingia wenyewe, bila kubebwa?

Mtafiti wa Nyanda

Huweza, njia zikiwa wazi na wenyeji wakiwa hawana nguvu. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwaangamiza simba wa Ngorongoro hata wakabaki kama kumi, dume akiwa mmoja. Miaka iliyofuata madume saba waliingia wenyewe. Baadaye kreta ilipojaa simba, makundi ya madume wenyeji yakawafukuza wageni, na watafiti wakakuta mbegu za madume hao zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti. Kwa hiyo ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya makazi, peke yake hautoshi. Ni lazima pia mgeni apate nafasi ya kuzaa akishafika.