Naomba ushauri: mwaloni unakatwa, nyenje wako mizizini

Habari zenu wakuu. Niko Kentucky, Marekani. Mwaka 2025 nyenje wa miaka 17, wale weusi wenye macho mekundu wanaokaa ardhini miaka 17 kabla ya kutoka, walitaga kwenye mwaloni ulio nyuma ya nyumba. Ncha za matawi zikakauka na kuning'inia. Sasa shina limeoza, lazima mti ukatwe, na watoto wao wamo ardhini wakifyonza mizizi hadi 2042. Nimechimba kidogo nikaona vidudu vyeupe, vidogo kama mchwa. Mkata miti nilipomuuliza alicheka tu.

Je, mti ukikatwa watahamia mizizi ya mti mwingine ulio hatua chache, au watakufa? Na nikiacha kisiki bila kuking'oa, itawasaidia? Dawa sitaki kumwaga.