Tupeane uzoefu: chombo chako cha kwanza cha muziki kilikuwa cha nani?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, heshima kwenu. Juzi tumemaliza kupiga harusini, tunapakia spika kwenye Kirikuu, tukaanza kuulizana nani aliingiaje kwenye haya mambo. Mpapasa kinanda wetu ni fundi friji. Mpiga tumba ni mwalimu wa hesabu. Mimi nauza spea za pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyetaja duka. Kila mtu alianzia kwenye chombo cha mtu mwingine. Basi nikasema niwaulize na nyinyi: chombo cha kwanza kushika kilikuwa cha nani, na wimbo wako wa kwanza ulihusu nini?

Naanza mwenyewe. 1998, niko darasa la sita, nasoma zamu ya mchana. Chumba cha uani alikuwepo mpangaji anayepiga gitaa kwenye baa. Miezi miwili ikapita hajalipa. Mama akaingia chumbani kwake, akatoka na gitaa kavu, akalipandisha juu ya kabati. "Lete kodi, chukua gitaa." Jamaa akaaga kwamba anakwenda kutafuta hela. Akapotea miezi minane.

Asubuhi mama akienda sokoni, mimi napanda stuli. Waya wa kwanza, ule mwembamba, ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilijifunzia kwenye nyaya tano. Kodi ya G, yaani zile sauti za gitaa zinazopigwa pamoja, nilikuwa naishika kwa vidole viwili, najiona fundi. Mwenye gitaa aliporudi akafunga waya mpya, na mimi nikawa siwezi tena kupiga! Kumbe ule waya uliokosekana ndio ulikuwa wa kidole cha tatu. Hakuwa na hela yote, akakubaliana na mama anifundishe. Ndiyo maana huwa nasema mimi kodi za gitaa nimezipata kwa kodi ya nyumba.

Wimbo wa kwanza nilimtungia binti wa muuza maandazi. Vina vyote vilikuwa "mapenzi, machozi, maandazi". Tusiongee zaidi.

Mdau, Singida

Nimevuta kigoda, chai ninayo. Ila mkuu hujamaliza: kodi ya mama ililipwa?

Mdau, Kakamega

Mimi nilianza na chupa ya Fanta. Msicheke. Huku kwetu kuna upigaji wa gitaa unaitwa omutibo: kidole gumba kinashughulikia besi, kidole cha shahada kinadonoa sauti za juu, na pembeni lazima kuwe na mtu wa chupa. Inatakiwa ile chupa ya zamani ya kioo yenye mikunjo ya kuizunguka. Unaikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma. Hizi za plastiki hazifanyi kazi, zinalia kama mtu anakuna mgongo.

Gitaa lilikuwa la mjomba. Jioni akitoka kukata miwa alikuwa ananiita, "Kijana wa chupa!" Nilikuwa na miaka tisa. Nilifikiri ni kazi ya watoto, mpaka siku moja nikasinzia kidogo, chupa ikachelewa, na yeye mwenyewe akapotea katikati ya wimbo. Akasimama akaniangalia. Kuanzia hapo nikajua kwamba pale wenye kazi tulikuwa wawili.

Miaka mitatu nilikaa kwa chupa. Gitaa lenyewe nililigusa mjomba alipovunjika mkono kwa kuanguka na baiskeli. Ajabu ni kwamba vidole vilinisumbua kweli, lakini mwendo ulikuwa umeshakaa mwilini. Mpaka leo nikimfundisha mtu huwa nampa chupa kwanza. Wengi hukasirika na hawarudi.

Wimbo wa kwanza ulihusu ng'ombe wetu aliyeingia shamba la jirani akamaliza mahindi. Niliuimba mbele ya jirani mwenyewe. Alicheza, akamaliza kucheza, akadai fidia.

Mdau, Temeke

Hahaha huyo jirani namkubali.

Mimi ni mtu wa biti, msinipige mawe. 2004 kulikuwa na steshenari mtaani, inatoa fotokopi na kuchapa barua. Bosi alikuwa na kompyuta moja, na ndani mtu alikuwa ameweka FruityLoops, programu ya kutengenezea biti. Mchana ni ya barua za maombi ya kazi. Saa mbili usiku shata inashushwa, tunabaki wanne, tunachanga hela ya umeme. Kuta tulizibandika trei za mayai, mlangoni tukasimamisha godoro, maiki tukaivalisha soksi. Soksi safi, kabla hamjauliza.

Kwa hiyo chombo changu cha kwanza kilikuwa mausi ya bosi. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimechoka, ukibonyeza mara moja kinabonyeza mara mbili. Biti zangu za mwanzo zina snea (ule mlio mkali wa ngoma) mbili mbili mahali ambapo hapakupaswa, na washikaji wakasema eti huo ndio mtindo wangu. Nikanyamaza.

Mistari nilikuwa naandika nyuma ya daftari la jografia. Kwenye ngoma ya kwanza nilichana kuhusu baridi na theluji na bastola. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Theluji imeanguka lini Temeke?" Nilikwenda nyumbani nimenuna. Wiki iliyofuata nikaandika kuhusu foleni ya maji bombani, na hiyo ndiyo ngoma ya kwanza ambayo watu walinirudishia mistari wakipita dirishani.

Mdau, Unguja

Assalaam aleikum. Mie ni mwanamke na ninapiga ganuni, ala ya nyaya ya taarabu. Si kwa kula, kwa raha yangu na harusi za jamaa.

Mama alikuwa akipika chakula cha kuuza Forodhani, nami nikitoka skuli namsaidia. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kilifunguliwa 2002, siku zile kikiwa kwenye jengo la forodha kuukuu, Mizingani pale, hatua chache tu. Nilitumwa kupeleka mikate ya mofa ghorofani. Nikamkuta mzee mmoja amelipakata ganuni hapigi, anatia sauti tu. Waya zaidi ya sabini, kila sauti ina waya tatu, na zote tatu zinatakiwa ziseme neno moja. Nilisimama na kapu langu hadi mikate ikapoa. Akaniuliza, "Binti, unasikia ule mmoja unaosema uwongo?" Nikamwonyesha. Akakaa kimya, kisha akanambia nirudi kesho bila mikate.

Baba alikataa kata kata. Mtoto wa kike, ala, wanaume. Mama hakubishana. Alimuuliza tu santuri za bibi yake alizoziweka kabatini ni za nani. Zilikuwa za Siti binti Saad. "Huyu alikwenda hadi Bombay 1928 kurekodi, na wewe santuri zake unazifuta vumbi kila Ijumaa. Wako avuke barabara tu huwezi?" Baba akacheka, yakaisha.

Sasa utunzi. Nilitunga shairi la taarabu nikalipeleka kwa mzee mmoja mtunzi, nikijisifu moyoni. Mstari wa kwanza ulikuwa:

*Moyo wangu umechoka, kumngoja asiyekuja*

Akahesabu kwa vidole mara mbili, akasema, "Guni." Guni, kwa msiojua, ni shairi lililoharibika mizani, yaani hesabu ya silabi, au vina. Kipande cha kwanza mizani nane. Cha pili tisa, kwa sababu ile "m" ya "kumngoja" nayo ni mizani, inahesabiwa. Akachukua kalamu akaing'oa "m": *kungoja asiyekuja*. Nane kwa nane. Nikamwambia, lakini maana ni ile ile. Akasema ndiyo, na mwimbaji sasa anapata pa kuvuta pumzi. Niliporudi nikauimba, nikaona kweli. Tangu hapo hata ujumbe wa simu nahesabu.

Mdau, Temeke

Dada umenifanya nirudi kwenye mistari yangu ya 2004 nihesabu. Ni magofu.

Mdau, Mbeya

Mimi ni zao la kwaya, na nasema wazi kwamba nyinyi wa kusikia kwa sikio mmepoteza muda mwingi. Solfa ingewafikisha haraka. Do re mi, basi. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na kipenga kidogo cha kutolea sauti, anapuliza, anasema "Do ni hii," na watu arobaini wanajipanga: sauti ya kwanza na ya pili akina mama, ya tatu na ya nne sisi. Nilianza sauti ya pili, nikabaleghe katikati ya maandalizi ya Krismasi, nikahamishiwa ya nne bila sherehe.

Chombo? Kinanda cha kanisa, cha kukanyaga kwa miguu. Ruhusa ya kukigusa alikuwa nayo mtu mmoja. Mimi nilijitolea kufagia kanisa kila Jumamosi, na kufagia kwenyewe kulichukua dakika kumi. Yaliyobaki mnayajua.

Nyimbo nilikuwa naandika kwenye daftari la hesabu lile la vijumba, maana kila kijumba kinakaa pigo moja, solfa inapangika yenyewe. Naandika sauti ya nne kwanza. Wengi huanza na sauti ya kwanza, halafu wanakuta ya nne haina pa kwenda, inabaki kuguna do na so kama jenereta.

Uchungu wangu ni huu: nikiwa kwenye basi naenda Dodoma, kondakta akaweka VCD ya kwaya. Wimbo wangu. Nota kwa nota, hata kosa nililolifanya beti la tatu lipo. Mwishoni wakaandika "Mtunzi: hajulikani". Nilitaka kusimama kwenye korido niseme najulikana, nimekaa siti ya kumi na nne. Sikusimama. Siku hizi jina langu naliandika kwenye kila ukurasa wa nota, juu na chini, si ukurasa wa kwanza peke yake. Fanyeni hivyo.

Mdau, Muscat

Udi wa babu, ile ala ya nyaya, si wa kufukiza. Alitoka nao Zanzibar, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, ukatundikwa sebuleni chini ya kiyoyozi miaka na miaka. Ubao ukakauka, ukapasuka kifuani. Ulipopasuka ndipo wakasema haya, mwachieni mtoto achezee. Nilijifunzia kwenye udi wenye ufa, na niliponunua mzima nikauona hausemi kitu. Wenye udi: usiuweke karibu na kiyoyozi, jamani.

Mdau, Tanga

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, nilikuwa mpiga besi.

Mleta mada swali lako limenigusa pabaya. Enzi zetu bendi nyingi zilikuwa za mashirika: za jeshi, polisi, vyama vya wafanyakazi, viwanda. Unaajiriwa, una mshahara, mazoezi mchana, dansi usiku. Magitaa ni mali ya shirika. Ukihama bendi, na watu walikuwa wanahama kwelikweli, wanaibiana wanamuziki usiku usiku, unaondoka na nguo zako na sauti yako. Gitaa linabaki stoo, limeandikwa namba kama meza ya ofisi.

Mimi niliingia kama mbeba vyombo. Napanga spika, nakunja nyaya. Mpiga besi akaugua malaria siku ya dansi, kiongozi akauliza nani anazijua nyimbo. Nilikuwa nazijua zote, maana kila jioni nilikuwa nasimama nyuma ya spika ya besi, pale tumbo linapotetemeka. Nilipiga usiku kucha na waya mbili tu, zile nyingine niliziogopa. Asubuhi vidole vimetoka malengelenge, kiongozi akasema, "Wewe hukukosea kwa sababu hukujaribu." Sijui hadi leo kama alinisifu au alinitukana.

Tukapanda hadi redioni Dar kurekodi. Redio ilikuwa moja, ukisikika hapo umesikika nchi nzima. Mama yangu kijijini alisikia besi yangu kabla sijamwambia kwamba nimeacha kazi ya bandari.

Nimepiga miaka ishirini na mbili. Sijawahi kumiliki gitaa. Siku natoka, niliweka saini kwenye daftari la stoo kwamba nimerudisha besi moja, mkanda mmoja, waya mmoja wa kuunganishia.

Kijana wa biti, sikupigi mawe. Ila siku moja mtafute mpiga besi, mpige pamoja. Hiyo mausi haiwezi kukuangalia usoni ukikosea.

Mdau, Temeke

Shikamoo mzee wangu. Nimeipokea. Hiyo "hukukosea kwa sababu hukujaribu" naomba niitumie, nitaandika jina lako juu na chini kama alivyoagiza wa Mbeya.

Mdau, Tanga

Marahaba. Tumia. Ila ni ya marehemu kiongozi wangu, si yangu.

Mdau, Kakamega

Mzee shikamoo. Kusimama nyuma ya spika ya besi na kushika chupa ya Fanta naona ni shule moja.

Mdau, Singida

Mleta mada usijifiche. Kodi ililipwa au haikulipwa?

Mleta mada, Morogoro

Hahaha, nimekubali. Mwezi wa kwanza mama aliusamehe, akasema umelipwa kwa masomo. Wa pili anadai mpaka leo. Jumamosi hii tunapiga harusi Kihonda, jamaa anakuja kutusaidia, yeye solo mimi ridhimu. Mama amenipigia simu mara mbili kunikumbusha nimkumbushe.

Mzee wa Tanga, besi yetu ipo, ya bendi, haina namba ya stoo. Ukipita Morogoro nitafute.