Makao makuu ya wilaya ya Kilwa yarudi Kivinje, kuna ubaya gani?

Mvinje Mkavu (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Nimenyamaza vya kutosha. Kivinje ndio ilikuwa Kilwa yenyewe kabla hiyo Kilwa Masoko haijawa chochote. Misafara ya pembe kutoka kule Nyasa ilikuwa inashukia wapi? Kivinje. Mjerumani boma lake kajenga wapi? Kivinje. Kaja Mwingereza kahamisha ofisi kapeleka Masoko, tangu hapo sisi ni watu wa kufunga safari. Umtake mkurugenzi, Masoko, umtake DC, Masoko, bandari ya uvuvi ile ya zaidi ya bilioni 200 Rais Mama Samia kaweka jiwe la msingi Septemba 2023, Masoko tena. Juzi nimekwenda ofisi fulani sitaitaja, nafuata muhuri tu wa karatasi ya kiwanja, naambiwa mwenye muhuri kasafiri njoo Alhamisi. Kilomita kama 30 kwenda, 30 kurudi, kwa ajili ya muhuri. Swali langu ni moja, kuna ubaya gani makao makuu yakirudi? Leteni hoja, matusi wapelekeeni shemeji zenu.

Nahodha wa Masoko
Ubaya ni maji kaka. Nenda Kivinje siku ya bamvua maji yakishakupwa, bahari inakwenda zake huko mbali, mashua zote zimelala ubavu kwenye tope, wachukuzi wanakuja na matenga ya samaki begani wanazama mpaka ndama za miguu. Meli itie nanga wapi hapo? Masoko kina kipo tangu Mungu kaumba na Kilwa Kisiwani kipo mbele kinakukingia. Mwingereza hakuwa mjinga. Kivinje imebaki popo, magofu na mwembe wa kunyongea watu, mnataka mkurugenzi aje akae na popo?

Binti Singino
Mwembe wa kunyongea watu???
Umeandika hivyo na unacheka eeh. Pale wamenyongwa babu zetu wa Majimaji, wewe ndio unafanya utani. Na ukiumwa unakimbilia wapi, hospitali ya wilaya si hapahapa Kinyonga? Hebu tuambie hapa wanao wamezaliwa wapi.

Nahodha wa Masoko
Wamezaliwa hapo wawili, sijakataa. Lakini mimi nimeongelea kina cha maji, wewe umekuja na labour. Vinahusiana vipi?

Mwalimu Mstaafu
Vijana, salaam. Tusahihishane kidogo. Aliyenyongwa Kivinje na jina lake likavuma ni Hassan bin Omari, ndiye Makunganya aliyewapinga Wajerumani, yeye na wenzake, Novemba 1895, gavana akiwa Wissmann. Majimaji ni miaka 10 baadaye, imeanzia Nandete huko Umatumbini, Julai 1905, watu waking'oa pamba. Na Kinjikitile mwenyewe, mganga wa Majimaji, kanyongewa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, si Kivinje. Msiyachanganye.

Binti Singino
Shikamoo mwalimu. Sisi bibi alitwambia ni Majimaji na mimi bibi simkatai kwa ajili ya tarehe.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mama. Bibi hajakosea, na wa Majimaji Mjerumani aliwanyonga, tena wengi. Nasema tu Makunganya katangulia na anasahaulika.

Pweza Mkavu
Kwani Kinyonga si yule mdudu anayebadilika rangi? Mbona mnalazimisha kunyonga kunyonga

Binti Singino
Wewe ndio kinyonga. Hilo jina limetokana na KUNYONGA, muulize mtoto yeyote wa Kivinje.

Pweza Mkavu
Na Kivinje je, imetokana na nini, kuvinja? 😂

Mvinje Mkavu (mleta mada)
Mivinje. Miti. Ndio maana hata mimi najiita hivi. Haya turudi kwenye mada wakuu, makao makuu.

Mtu wa Kipatimu
Naomba na mimi nisemee wa bara. Nyie wote wawili mnagombania pwani. Mimi natoka Kipatimu, mpaka nafika Njia Nne mgongo umekufa, hapo lami ndio kwanza naiona. Makao yakiwa Masoko au Kivinje kwangu tofauti ni hiyo nusu saa ya mwisho. Kuna Njinjo, kuna Nanjirinji, kuna Kandawale, madiwani wetu wanalala mjini ili wawahi kikao cha baraza. Kwa nini isiwe Nangurukuru, njia panda, barabara kubwa ya Dar na Lindi inapita hapo? Au hata msihamishe kitu, huo muhuri aupate mtendaji wa kata, mchezo umeisha.

Nahodha wa Masoko
Tena hao wa Kivinje wanajidai na historia, historia gani? Mji umejengwa kwa pingu. Watumwa wametoka huko Nyasa wamefungwa shingo kwa shingo wanauzwa pale pwani, leo mnajisifia "misafara ya pembe". Pembe zilijibeba?

Mvinje Mkavu (mleta mada)
Hapo sasa umenigusa. Mimi ukoo wangu upande wa mama umekuja na hiyo misafara, na hawakuja kama wafanyabiashara, umenielewa. Kwa hiyo usinifundishe. Na hicho Kisiwani chenu mnachopelekea watalii, dhahabu ya Sofala ilipita peke yake? Watumwa hawakupita? Ibn Battuta kaja 1331 kamkuta sultani anakwenda kuvamia bara na kurudi na mateka, imeandikwa. Mmewekewa UNESCO 1981 basi mnajiona mmetakasika.

Nahodha wa Masoko
Ndugu yangu sikujua la mama. Niwie radhi kwa hilo. La kina cha maji nipo palepale.

Dalali wa Somanga
Mnabishania ofisi, hela je? Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar tangu 2004, bomba linatokea hapa kwetu Somanga, ushuru wa huduma unaingia halmashauri. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika hapahapa Somanga, wote nyie mkawa kisiwani 😂 Masoko kisiwani, Kivinje kisiwani, mabasi yamepanga foleni abiria wanakula mihogo ya kuchoma ya shangazi yangu. Ofisi ileteni Somanga.

Pweza Mkavu
Shangazi aliuza kipande bei gani siku zile? Sema ukweli

Dalali wa Somanga
Hiyo siri ya familia.

Binti Singino
Mwalimu, nimerudi. Nimemuuliza mjomba. Anasema pale Kivinje kuna mnara wa Wajerumani wawili waliouliwa 1888, ni kweli?

Mwalimu Mstaafu
Ni kweli. Walikuwa wa ile kampuni ya Kijerumani, walivamiwa pwani nzima ilipochafuka, wakati wa vita vya Bushiri kule Pangani. Wenzao wakawajengea mnara.

Binti Singino
Yaani walipouliwa wao wawili wakajengewa nguzo, wakatunyonga sisi, na leo mgeni anasimama kupiga picha kwenye nguzo yao. Na sisi tuna mnara pale Mwembe Kinyonga ila umpeleke mgeni wewe mwenyewe, maana hakuna kibao cha kumwonesha njia.

Nahodha wa Masoko
Kibao hata diwani anaweza kuweka, si lazima makao makuu yahame.

Binti Singino
Wewe si ulisema mwembe wa kunyongea watu. Sasa hivi unajua vibao.

Mvinje Mkavu (mleta mada)
Jamani mada

Mtu wa Kipatimu
Hakuna aliyenijibu la Nangurukuru. Sawa. Basi nisaidieni hili dogo, kesho namleta mzee wangu hospitali Kinyonga, tukishuka njia panda usiku bodaboda kuingia Kivinje wapo?

Pweza Mkavu
Wapo ila wanabadilika rangi

Binti Singino
Wapo kaka, ukikosa niandikie inbox nimtume mdogo wangu. Mzee apate afueni. Na akishapumzika mpeleke pale kwenye mwembe, mzee wa Kipatimu huyo, atatuambia walionyongwa ni wa nani.