Ushauri: Shirika linaomba orodha yote ya watoto kutoka kwenye mfumo wetu

Afisa_Ustawi: Wanajamvi, salaam. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, ninasimamia mfumo wa kompyuta unaohifadhi mashauri ya watoto waliofanyiwa ukatili, waliotelekezwa na wanaoishi na VVU. Shirika moja linataka kuwanunulia sare za shule, nalo limeomba orodha nzima yenye majina, vijiji, simu za walezi na aina ya shauri la kila mtoto. Mkuu wangu ameagiza niitume leo kwa WhatsApp. Nia ya shirika sina shaka nayo, lakini walezi walinieleza mambo hayo ili mtoto alindwe. Nifanyeje bila kumvunjia mkuu wangu heshima, na bila watoto kukosa sare?

Mtunza_Jalada: Usitume, ndugu yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na inataka taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Mwandikie mkuu wako dokezo lenye njia mbadala: ofisi iwaeleze walezi kuhusu msaada huo, na kwa watakaoridhia kwa maandishi, shirika lipewe jina, shule na kipimo cha sare tu. Fundi cherehani hahitaji kujua mtoto alifanyiwa nini.

Nyanda77: Kuwafikia walezi wote kunataka mafuta ya pikipiki na muda, na shule zinakaribia kufunguliwa. Mtoto akibaki nyumbani kwa kukosa sare, usiri huo utakuwa umemsaidia nini?

Mtunza_Jalada: Hoja yako ni nzito, kwa hiyo waanze kwa kupiga simu leo hii. Ila faili likishaingia kwenye simu za watu, jirani akasoma neno VVU mbele ya jina la mtoto, halirudi tena, na mlezi mwingine akisikia hayo hatakuja kuripoti ukatili. Afisa, kila mtumishi ana nywila yake?

Afisa_Ustawi: Hapana. Nywila ni moja, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta. Dokezo naliandika sasa hivi.

Mtunza_Jalada: Basi liongeze na hilo, kwa sababu taarifa zikivuja hakuna atakayejua nani alizitoa. Kila mtu apewe akaunti yake. Shauri lifunguliwe na anayelishughulikia pamoja na msimamizi wake, na wanaoandaa ripoti waone idadi bila majina.