Naomba ushauri: nimetakiwa kulipa fidia kwa kulalamikia duka la samani Facebook

MkaaziWaLikoni
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Mombasa na ninaomba ushauri wa dhati, hasa kutoka kwa wenye ujuzi wa sheria za Kenya. Nililipa arbuni ya kabati na kitanda katika duka moja la samani ambalo sitalitaja hapa. Siku ya kuchukua mzigo ilipita, nikapewa nyingine nayo ikapita, hatimaye simu zangu zikaacha kupokelewa. Niliandika katika kundi la Facebook la wakaazi wa mtaa wetu, nikaeleza nililipa kiasi gani na lini, nikaambatisha ujumbe wa M-Pesa, na mwishoni nikasema kwamba hao ni wezi wanaokula jasho la watu. Wateja wengine walijitokeza hapo chini na malalamiko yanayofanana na yangu.

Sasa nimeletewa barua ya wakili wao. Inanitaka nifute chapisho, niombe radhi hadharani na nilipe shilingi 500,000 ndani ya siku saba, la sivyo nitashtakiwa kwa kashfa na pia nitaripotiwa polisi nikamatwe. Mke wangu anataka nifute kila kitu usiku huu huu. Mimi naona kwamba nikinyamaza, kesho mtu mwingine atatoa arbuni yake pale pale. Kifungu cha 33 cha Katiba kinanipa uhuru wa kujieleza. Je, uhuru huo unaishia wapi mtu wa kawaida anapomlalamikia mfanyabiashara?

Hoja_na_Sheria
Kaka, pole. Tuanze na tishio la polisi, kwa kuwa ndilo linalowanyima watu usingizi. Kashfa iliwahi kuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji John Mativo, ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Okuta. Walioifungua kesi hiyo walikuwa wameshtakiwa kwa maandishi yaliyotokea katika ukurasa wa Facebook wa kuwatahadharisha wanunuzi, jambo lililo karibu sana na lako. Jaji alisema kwamba kumfunga mtu ili kulinda jina la mwingine ni kupita kiasi, ilhali njia ya madai ya fidia ipo na inatosha.

Hata hivyo usidhani kwamba mlango wa jinai umefungwa kabisa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika vifungu vya 22 na 23, iliweka adhabu kwa anayechapisha habari za uongo kwa makusudi, na kifungu cha 23 kiligusa hata sifa ya mtu, faini yake ikifika shilingi milioni 5 na kifungo chake miaka 10. Chama cha wanablogu, BAKE, kilipinga vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikakataa ombi lake Februari 2020, na chama kikakata rufaa. Wakili wako aisome hukumu ya karibuni kabisa kuhusu vifungu hivyo kabla ya kuijibu barua. Lakini kiini chake ni uongo unaosemwa kwa kujua, na wewe una ushahidi wa malipo.

BintiMzizima
Naongezea kwa wasomaji wa Tanzania, kwa maana uzi huu unasomwa pande zote mbili za mpaka. Kwetu, makosa ya jinai ya kashfa yaliyokuwa katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 yaliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2023, ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, bado inaadhibu taarifa za uongo mtandaoni. Msichukue majibu ya Kenya mkayatumia Dar es Salaam.

FundiSamani_Kongowea
Mimi nina karakana ndogo na nitasema upande ambao haupendwi. Kuna mteja aliyeandika kwamba nimemwibia, wakati mbao zilikuwa zimechelewa bandarini, na oda zikakatika kwa msimu mzima. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 33(3), inamtaka kila anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Ndugu yetu aseme alilipa na hakupewa mzigo, hilo ni haki yake kamili. Neno "wezi" ni jambo jingine.

Hoja_na_Sheria
Fundi amegusa penyewe. Katika kesi ya madai, ukweli ni kinga, lakini anayepaswa kuuthibitisha ni wewe uliyeandika. Kwamba ulilipa, kwamba tarehe ilipita na kwamba hawapokei simu, hayo unaweza kuyathibitisha. Wizi ni kosa la jinai, na kulithibitisha ni kazi nzito zaidi. Tena kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, kinasema kwamba anayepatikana na hatia ya kumzushia mwenzake kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, fidia haitakuwa chini ya shilingi 400,000. Huenda hapo ndipo ilipotoka hesabu ya barua yako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: hifadhi picha za skrini za chapisho lote pamoja na tarehe, kwa kuwa ushahidi wa kielektroniki utahitaji cheti cha kuuthibitisha, kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kisha ondoa neno hilo moja na uache maelezo ya malipo yabaki. Usiombe radhi kwa maandishi kabla wakili hajaisoma barua. Dai lao wanaweza kulifungua ndani ya miezi 12 tu tangu kuchapishwa. Wewe nawe dai arbuni yako katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1. Mahakama hiyo haisikilizi kesi za kashfa, kwa hiyo hawawezi kukufuata humo na dai lao.

MkaaziWaLikoni
Ahsanteni sana, hasa fundi. Je, wale walioandika chini ya chapisho langu, nao wamo hatarini? Mmoja ni mama mzee, na sina uwezo wa kumlipia wakili.

Mama_Haki_Kisauni
Kila mmoja hujibu kwa maneno yake mwenyewe, na anayelisambaza chapisho huhesabiwa kuwa amelichapisha upya. Mwambie mama ayahifadhi aliyoandika pamoja na risiti zake, asijibizane na mtu yeyote wa duka, kisha mwende naye ofisi ya Kituo Cha Sheria hapa Mombasa, ambako wasio na uwezo husaidiwa. Nendeni pamoja na barua ya wakili mkononi, kabla siku saba hazijaisha.