Barua ya kikundi kwenda hotelini: anwani ikae kulia au kushoto?

BintiMkonge, Ngamiani:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Tuna kikundi cha kina mama hapa Ngamiani, tunasuka vikapu na mazulia madogo ya mkonge. Tunataka kuiandikia hoteli moja ya Dar kuomba tuwauzie vikapu vya kuwekea taulo vyumbani. Maneno ya barua ninayo, mpangilio ndio unanitoa jasho. Kijana wa steshenari kaiweka anwani yetu juu kulia, kama tulivyofundishwa shule. Shemeji yangu wa bandarini anasema siku hizi kila kitu kinaanzia kushoto. Nimshike nani? Na mhuri tugonge wapi? Kumb. Na. (kumbukumbu namba) ni lazima hata kwa kikundi kidogo?

MzeeWaPongwe:
Kulia, binti yangu. Anwani yako na tarehe kulia, ya unayemwandikia kushoto, halafu "Ndugu", halafu YAH, yaani barua yahusu nini. Mtihani wa shule ulitaka hivyo na ofisini watakuelewa.

MhaziliMstaafu, Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Mimi ni mhazili, nimesomea Tabora, nimepiga chapa barua za ofisi tangu enzi za taipureta. Mzee hapo juu hajakosea, na shemeji yako hajakosea. Kulia ni sawa kwa karatasi tupu. Mkiwa na karatasi yenye jina la kikundi na S.L.P. juu, anwani yenu imeshakaa, msiirudie. Vilivyobaki vyote vianzie kushoto. Kibaya ni kuchanganya: aya moja imeingia ndani, nyingine imebana ukingoni, tarehe inaelea katikati. Msomaji huona uzembe kabla hajafika neno la kwanza.

Mpangilio upo kwa ajili ya yule anayeipokea barua na kuitunza. Ofisi za serikali wana masjala, chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili. Hotelini kuna dada wa mapokezi na mtu wa mafaili, kazi ni ile ile. Huyo hasomi aya zako. Anatazama tarehe, Kumb. Na., YAH na jina la mtiaji sahihi, basi anajua aipeleke kwa nani na aiweke faili gani. Kwa hiyo Kumb. Na. wekeni, hata kama mko watano. Siku hoteli ikijibu, itataja namba hiyo, nanyi mtaipata nakala yenu bila kupekua kabati zima.

Iwe hivi:

Kumb. Na. KMN/HT/01
12 Mei, 2025

Meneja Manunuzi,
(jina la hoteli),
S.L.P. ...,
DAR ES SALAAM.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUUZA VIKAPU VYA MKONGE

Mwandikieni kwa cheo, si kwa jina. Meneja akihama, barua bado itafika mezani. Mwezi uandikeni kwa neno, kwa sababu 05/12 kwetu ni Desemba na kwa Mmarekani ni Mei, na hoteli zina wageni wa kila aina mpaka kwenye uongozi.

Sasa nafasi za pembeni, jambo ambalo vijana wa steshenari wengi hawalitazami. Kushoto acheni sentimita 2.5, msipunguze. Mashine ya kutobolea hupiga matundu yake milimita 12 hivi kutoka ukingoni, na barua iliyobanwa kushoto hutobolewa maneno. Nimeona bei ya bidhaa ikiliwa na tundu, tarakimu ya kwanza imekwenda. Juu nako pasijazwe, pana mhuri wa "IMEPOKELEWA" unaosubiri mahali pa kukaa.

Mwisho andikeni "Wako mwaminifu" au "Nawasilisha", mruke mistari minne ya sahihi, kisha jina kwa herufi kubwa na cheo chini yake. Mhuri ugongwe kando ya sahihi, jina lisomeke. Na sahihi isihamie ukurasa wa pili peke yake. Iende na mistari miwili mitatu ya aya ya mwisho.

KijanaWaSteshenari:
Mama kasema kweli tupu. Naongezea moja: kabla hujaprinti, angalia saizi ya karatasi kwenye programu. Kompyuta nyingi zinakuja na saizi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Usipobadilisha, mistari inasogea na nafasi uliyopima inaharibika. Mteja anadhani mashine ni mbovu.

BintiMkonge:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mama, bei za vikapu niziandike ndani ya barua? Zipo za saizi tatu.

MhaziliMstaafu, Chumbageni:
Hapana mwanangu, barua iishie ukurasa mmoja. Bei zipangeni kwenye karatasi ya pili yenye jedwali: saizi, kipimo, bei ya kimoja, bei ya kuanzia vikapu 20. Chini ya cheo chako andika "Kiambatisho: Orodha ya bei", na kwenye orodha yenyewe urudie ile Kumb. Na., maana karatasi mbili huachana mapema kwenye ofisi za watu. Ikunjeni A4 mara mbili, iwe sehemu tatu sawa, itaingia kwenye bahasha ndefu ya 110 kwa 220.