MCA (mjumbe wa bunge la kaunti, Kenya) 2027: tuangalie roho ya mtu ama mfuko wake?

mkazi_kilifi: Jamani nisaidieni mawazo, uchaguzi ni Agosti 2027 na wagombea washaanza kupita kwa matanga. Kuna mmoja anatoa kweli, juzi aliweka elfu ishirini mezani watu wakapiga makofi, lakini vibarua waliomjengea nyumba wamdai mpaka leo. Mwengine hana kitu ila ni mkweli. Nyie mwaangalia nini?

mama_mboga: Dadangu, aliyekula jasho la kibarua atakula na basari ya mwanangu. Mimi nilizungushwa na fomu mara tatu, mara muhuri wa chifu, mara njoo kesho, mwisho naambiwa pesa zishaisha, na mtoto yuko nyumbani na sare ashavaa.

boda_wa_steji: Ukweli sawa, lakini akifika bungeni kule kaunti atasimama? Kazi ya MCA ni kutunga sheria na kumchunga gavana anatumiaje pesa, si kununua jeneza. Mpole sana bajeti itapita mbele yake amenyamaza tu.

mzee_wa_mnazi: Na msingoje korti wanangu. Sura ya Sita ya katiba yataka uadilifu, ila mtu akihukumiwa bado anaruhusiwa kugombea mpaka rufaa zote ziishe, kwa hivyo kumkataa ni sisi debeni.

mkazi_kilifi: Shukran mzee. Huyo mkweli nishamsikia baraza ya maji akimjibu chifu bila uoga, boda hapo usiwe na shaka. Wale vibarua nitawaomba waje mkutanoni waseme wenyewe.